Mshale Kabla ya Sifuri

Gari limetoka Jojia ile ya ng'ambo
likaja Jojia hii yetu kwa meli, pua imebonyea,
na dashibodi yake bado inahesabu maili.
Mzee Jumberi kamnunulia mjukuu.
"Tsiala," aniambia, "lifundishe kilomita."

Hapa Rustavi upepo haubishi hodi.
Naukaza mlango wa gereji kwa tofali,
nachomoa waya wa betri, nalegeza skrubu sita,
naitoa geji nzima, nailaza juu ya taulo
kama mtoto anayengoja kuogeshwa.

Sasa tazama, maana hapa ndipo wengi huharibu.
Mshale ukipumzika haupumziki kwenye sifuri.
Sifuri ni kijiti tu, ameegemezwa hapo.
Unyanyue, uvuke kijiti, uachie:
utashuka chini kidogo, utatikisika, utatulia
mahali pasipo na namba.
Hapo ndipo kwao. Weka alama, kipande cha utepe,
ndipo uguse kingine chochote.

Vijiko viwili vya chai, vya marehemu mama,
kimoja kushoto, kimoja kulia,
mshale unang'oka kama jino la utoto.
Tk.
Uso wa maili ukabanduka, chini yake plastiki nyeupe
isiyoonwa na jicho tangu kiwandani.
Nikabandika uso mpya. Nikarudisha mishale:
wa joto, wa petroli, wa mizunguko ya injini,
na wa spidi—

wa spidi sikuuwekea alama.
Miaka kumi na tisa ya kazi.
Simu iliita, nikapokea, basi.

Ikabidi tuiulize barabara.
Kwa sitini, kilomita moja ni dakika moja,
hesabu hiyo haitaki setilaiti.
Jumberi kashika saa yake ya mkono, mimi usukani,
tukavizia nguzo za kilomita kando ya viwanda vya chuma.
Mshale: sitini, haupepesi.
Saa: sekunde hamsini na mbili.
Yaani tulikuwa tukienda karibu sabini
nao unatutazama usoni, unasema sitini.

Nikaegesha. Vijiko. Tk. Nywele moja ya upana, mbele.
Hamsini na saba.
Nikaegesha tena. Jumberi akamenya yai la kuchemsha,
akanipa nusu, chumvi akaitoa mfukoni.
Mara ya tatu akasema "Sitini"
kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni.

Kisha akanyamaza hadi kwenye daraja.
"Ongeza kumi," akasema. "Mvulana ana mguu mzito.
Aone mia, kumbe tisini. Nani atajua?"

Baba alimfanyia hivyo kaka yangu Nukri.
Wiki mbili Nukri akawa malaika.
Wiki ya tatu akagundua, akaanza kujumlisha:
mshale ukisema mia, yeye husoma tisini, huongeza.
Siku moja akaazima gari la rafiki,
mshale wake mkweli,
na kichwa chake bado kinajumlisha.
Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Ya aliyedanganywa ni fupi zaidi.
Nukri yu hai. Anatembea. Ila kila mlango
huutanguliza bega la kulia.

Sikumwambia Jumberi yote haya.
Nilimwambia, "Atajua," nikabadilisha gia.

Lakini kule gereji, jioni, peke yangu,
nilimimina petroli lita tano, nikahesabu,
nikauchukua ule mshale mfupi wa tangi
na kuulaza pale palipoandikwa hakuna kitu.
Lita tano kamili, na mshale unaapa tangi ni kavu.
Usiku, barabara ya mlimani, theluji,
mvulana mwenye mguu mzito atasema nimekwisha,
na gari litaendelea kwenda.

Nikafunga kioo. Nikavifuta vijiko.